Ngozi ya mmoja, dawa ya nyumba nzima

Upele hujitambulisha usiku. Mchana mtoto anacheza, anakula, anakwenda shule, na ukimtazama huoni cha kukutia wasiwasi. Taa ikizimwa ndipo unaposikia kucha zikikwaruza ngozi gizani: kwanza kwake, wiki chache baadaye kwa ndugu yake anayelala naye kitanda kimoja, halafu kwa mama. Wengi wetu tukifika hapo husema ni joto, au ni maji ya kisima, au ni mbu. Tunanunua sabuni yenye dawa, tunampaka mtoto mafuta, tunasubiri yaishe. Hayaishi.

Naanza na upele kwa sababu ndio unaoonyesha vizuri zaidi tunapokosea katika kuilinda ngozi. Magonjwa mengi yanayotusumbua mwilini hayaletwi na uchafu wala na kukosa vipodozi vizuri. Yanaletwa na namna tunavyoishi pamoja, na mengine tunayakuza wenyewe kwa kupaka kitu kabla hatujajua tunatibu nini.

Kidudu cha upele kina miguu minane na hakifiki nusu milimita. Jike hutoboa tabaka la juu la ngozi, akachimba njia na kutaga mayai humo. Ukitaka kumtafuta, usianze na mgongo. Shika kiganja cha mtoto, mtoe nje penye mwanga, mpanue vidole uangalie katikati yake. Utakuta vipele vidogovidogo, vingine vimetoka maji, na mara nyingine kimstari cha kijivu kilichopindapinda, kifupi kuliko sentimita moja. Hiyo ndiyo njia yake. Kisha tazama viwiko, makwapa, kiunoni pale mkanda unapokaa, kuzunguka kitovu na matakoni. Kwa wanaume angalia sehemu za siri, kwa wanawake kuzunguka chuchu. Mtoto mchanga anaweza kuwa navyo hata kwenye nyayo na kichwani.

Mengi tunayojua juu ya kidudu hiki yalipatikana mjini Sheffield, Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Upele ulikuwa umelivaa jeshi, na kwa kuwa iliaminika kwamba unaenezwa na mablanketi, jitihada kubwa zilikuwa zikielekezwa kwenye kuyasafisha kwa joto na mvuke. Mwanasayansi Kenneth Mellanby akawakusanya vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani na dhamiri zao, nao wakakubali kujitolea. Walilala uchi kwenye mablanketi yaliyotoka moja kwa moja kwa askari wenye upele, wakavaa na nguo zao za ndani kabla hazijafuliwa. Katika majaribio 63 ya namna hiyo, walioambukizwa walikuwa wawili tu. Walipolala kitanda kimoja na mgonjwa, hapo upele ukawashika. Mellanby aligundua pia kwamba mtu mzima mwenye upele huwa na majike kama 11 hivi mwili mzima, na kwamba anayeupata kwa mara ya kwanza hukaa karibu mwezi bila kuhisi chochote.

Mwezi huo ndio unaotushinda. Siku mtoto anapoanza kujikuna, tayari amelala wiki kadhaa na wenzake, amebebwa, amekumbatiwa, amesukwa nywele akiwa mapajani mwa dada yake. Wale ambao bado hawawashwi huenda wanavyo tayari. Ukimpaka dawa yeye peke yake, wiki mbili baadaye anaambukizwa upya na watu wale wale wanaompenda, na wewe unarudi dukani ukisema dawa haifanyi kazi.

Kwa hiyo nyumba nzima hupakwa siku moja, awashwaye na asiyewashwa: baba, mama, bibi, mdogo wa mwisho, na dada wa kazi, ambaye mara nyingi husahaulika ingawa ndiye anayemlaza mtoto. Dawa inayopatikana zaidi katika vituo vyetu ni BBE, ile nyeupe kama maziwa inayochoma kidogo ikigusa mchubuko. Mtu mzima hujipaka kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo bila kuruka katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni na kwenye mikunjo ya mapaja, na akinawa mikono huirudia mikononi. Watoto hupunguziwa makali yake, na kipimo chao aulizwe mhudumu wa afya. Dawa hurudiwa kama kituo kilivyoelekeza, kwa kawaida baada ya wiki moja, kwa sababu mayai yaliyosalimika yatakuwa yameanguliwa. Nguo, mashuka na mataulo yaliyotumika siku tatu za karibuni yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani na kupigwa pasi. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa humo siku tatu au zaidi, kwa maana kidudu hakiishi muda mrefu mbali na mwili wa binadamu.

Jambo moja zaidi, na hili huumiza watu bure. Baada ya tiba iliyofanyika sawasawa, mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne. Vidudu vimekufa, ila mwili bado unapambana na mabaki yao. Asiyeambiwa hivyo hurudia kupaka dawa kila jioni hadi ngozi inaungua, kisha anakuwa na ugonjwa wa pili uliotokana na tiba ya wa kwanza.

Nguvu ya kutibu wote kwa pamoja ilipimwa visiwani Fiji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Katika jamii ambayo watu wote walipewa vidonge vya ivermectin, wenye upele walishuka kutoka asilimia 32 hadi asilimia 2 kwa mwaka mmoja. Palipotibiwa wagonjwa na waliokuwa karibu nao tu, walishuka kutoka asilimia 37 hadi 19. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na makadirio yake ni kwamba watu zaidi ya milioni 200 wanao wakati wowote ule.

Ndiyo maana siafikiani kabisa na shule za bweni zinazomrudisha mwanafunzi mmoja nyumbani na barua ya kumwambia mzazi amtibu. Kijana yule alikuwa akilala dabodeka lililogusana na la mwenzake, wakiazimana fulana na kukaa bega kwa bega prepu. Akirudi amepona, bweni linamsubiri na upele wake. Linalofaa ni bweni zima kupakwa dawa usiku mmoja chini ya usimamizi wa matroni au patroni, na wazazi kujulishwa ili na nyumbani nako watazamwe. Wala asiaibishwe mtu. Aibu ndiyo inayomfanya mtoto ajikune chooni na kukaa kimya hadi vidole vinatoa usaha.

Usaha huo si jambo dogo. Kucha inapopasua ngozi, bakteria hupata mlango, na aina mojawapo, streptokoki, inaweza kuuchokoza mwili hadi ukaumiza figo. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya upele, halafu asubuhi moja akaamka uso umevimba na mkojo wake una rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ile tyubu ya fangasi

Mwaka 2003 Tanzania ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu, yakaanzia mkoani Ruvuma, ili watu wa vijijini na pembezoni mwa miji wapate dawa kutoka kwa muuzaji aliyepewa mafunzo. Leo kwa wengi wetu kaunta ile ndiyo kliniki ya ngozi. Mazungumzo yake huwa mafupi. "Dada, naomba ile tyubu ya fangasi." "Ya bei gani?" Hakuna aliyeomba kuona fangasi yenyewe, na pengine si fangasi.

Nawasihi wasomaji wafanye jambo moja kabla ya kulipa: geuza boksi, soma maandishi madogo. Ukikuta jina moja tu, kama Clotrimazole, hiyo ni dawa ya fangasi. Ukikuta majina matatu pamoja, na mojawapo ni Betamethasone, Clobetasol au Dexamethasone, umeshika mchanganyiko wenye steroidi. Steroidi hutuliza mwasho haraka sana, na ndiyo sababu inapendwa. Siku ya tatu wekundu umepungua, mtu anasema kapona. Lakini steroidi inazima kinga ya ngozi mahali pale, na fangasi anapata uwanja. Ile duara ya choa iliyokuwa na ukingo ulioinuka, ambayo mganga yeyote angeitambua, inapoteza umbo, inasambaa kutoka kwenye nyonga hadi mapajani na tumboni, na hata mtaalamu akiiona miezi miwili baadaye inamchukua muda kujua ilianzaje. Huku nyuma ngozi imekuwa nyembamba, imepasuka michirizi, na ikiwa ilipakwa usoni imejaa chunusi.

Steroidi yenyewe haina kosa. Kwa mwenye pumu ya ngozi ni tiba sahihi, ikitolewa kwa nguvu inayofaa na kwa siku zilizopangwa. Kosa ni kuipaka kwa kubahatisha.

Choa la mwilini hutibiwa kwa dawa ya fangasi isiyo na mchanganyiko, kwa wiki mbili hadi nne, na hupakwa siku kadhaa zaidi baada ya alama kutoweka. Wengi huacha siku mwasho unapokoma. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine, kwani fangasi wake yumo ndani ya unywele wenyewe, hivyo mtoto anahitaji vidonge kutoka kituo cha afya, na hakuna kupaka kutakakomaliza. Anapotibiwa, chanuo, kofia na mashine ya kunyolea visitumiwe na wenzake.

Kinyozi ana nafasi kubwa hapa kuliko anavyojua. Mashine inayotoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kusafishwa hubeba mapunye. Inayonyoa kisogo mpaka chini kabisa, kwa nywele zetu zinazojikunja, huacha ncha kali inayorudi ndani ya ngozi, na ndipo vinapoanza vile vinundu vya kisogoni na kidevuni ambavyo kwa baadhi ya vijana hugeuka makovu yaliyovimba. Mwenye navyo amwambie kinyozi aache nywele ndefu kidogo, asiivute ngozi wakati wa kunyoa. Na wasichana, rasta zikiwekwa zikauma usiku hadi mtu anashindwa kulala, zimekazwa mno. Nywele za pembeni mwa paji la uso zikivutwa hivyo miaka mingi hazioti tena.

Kisha kuna mkorogo wa kujichubua. Hili limeandikwa sana, nami sitalirefusha, ila naliandika kwa uchungu kwa sababu bado linanunuliwa. Ndani ya makopo yale hukutwa haidrokwinoni, steroidi kali na zebaki. Afrika Kusini, ambako mwaka 1975 daktari aitwaye Findlay alieleza jinsi haidrokwinoni ilivyowaachia wanawake mabaka ya buluu-nyeusi mashavuni, ilipitisha kanuni za kupiga marufuku vipodozi hivyo mwaka 1990. Mabaka hayo hayaondoki kwa urahisi. Aliyetafuta weupe anabaki na weusi asiokuwa nao. Zebaki huharibu figo, na mama anayejipaka humgusa mtoto wake kwa mikono ile ile. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama ziiondoe kwenye vipodozi. Kopo lisiloorodhesha viambato, au lenye neno Calomel, halifai kuingia nyumbani. Nchini Tanzania sasa kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na mtu akitilia shaka bidhaa anaweza kuwapelekea taarifa.

Maji, sabuni na mafuta

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni sehemu ya ulinzi wake. Sabuni ya mche, ile tunayofulia na wengine wakaogea, iko upande wa pili kabisa wa kipimo, na ikitumika mwilini kila siku pamoja na dodoki gumu huondoa mafuta ya asili hadi mtu anatoka bafuni amepauka. Oga kwa sabuni laini ya kuogea, na si lazima povu lifike kila mahali: makwapa, mapaja, nyayo na sehemu za mikunjo zinaihitaji zaidi kuliko miundi na mikono.

Wazazi wengi humwagia maji ya mtoto kile kimiminika cha kuua vijidudu, kinachoyageuza maji kuwa meupe. Ni kwa nia njema. Lakini ngozi ya mtoto haina vijidudu vya kuuawa kila asubuhi, na dawa ile huikausha na kuichokoza, hasa kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi. Hata sabuni zinazotangazwa kuua bakteria hazijaonyesha faida waliyoahidiwa wanunuzi: mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliondoa viambato 19 vya aina hiyo kwenye sabuni za kunawia, triklosani ikiwamo, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Mafuta nayo yana wakati wake. Yapakwe mwili ukiwa bado na unyevunyevu, dakika chache baada ya kuoga, ili yafungie maji yaliyomo. Ukisubiri ngozi ikauke kabisa umechelewa. Mafuta ya mgando ya bei ndogo yasiyo na manukato yanafanya kazi hiyo vizuri kuliko losheni nyingi za bei kubwa, na mafuta ya nazi, ambayo Pwani yamekuwa ya watoto na ya bibi tangu zamani, yanafaa pia. Majira ya kipupwe, Juni na Julai, upepo ukikauka na watu wa Njombe, Mbeya na Arusha wakioga maji ya moto sana, paka mara mbili kwa siku. Mwenye chunusi usoni aache mafuta mazito uso peke yake.

Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa shida huwa kinyume. Mtoto mchanga anavalishwa sweta, soksi na kofia ya sufu mwezi Februari, kisha watu wanashangaa harara imemjaa shingoni na mgongoni. Mvue. Fulana moja ya pamba na kivuli vitaiondoa harara bila poda yoyote, na poda ikimwagwa kwenye jasho hugandamana katika mikunjo ya shingo.

Miguu ikauke katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Fangasi wa miguuni hupenda unyevu wa pale. Viatu vya shule viwe jozi ya kupokezana ikiwezekana, na kama ni jozi moja basi vianikwe jioni. Nguo zilizoanikwa mahali penye kivuli zikabaki na unyevu, au zilizotandazwa kwenye majani, zipigwe pasi zote, nepi na chupi zikiwemo, kwa sababu yupo inzi anayetaga humo, na buu lake huingia mwilini likakua kama jipu lenye tundu katikati. Mitumba ifuliwe na kupigwa pasi kabla haijajaribiwa.

Yasiyosubiri

Baadhi ya alama hazihusiani na sabuni wala pasi, na kuzizoea ni hatari. Baka lililofifia rangi ambalo haliwashi wala haliumi, na ukiligusa kwa pamba mwenyewe hahisi, ni la kupelekwa kituo cha afya, kwa sababu ukoma bado upo Tanzania, dawa yake ni ya bure, na ukianza mapema vidole havikatiki. Majipu yanayojirudia, au fangasi wasiokwisha, humtaka mtu apime sukari. Mkanda wa jeshi kwa kijana ni sababu ya kupima VVU. Mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, au kidonda cha unyayo kisichopona, uonwe na daktari hata kama hauumi. Bob Marley alianza na alama chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Alifariki kwa saratani hiyo Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Na kuna wale ambao kwao jua lenyewe ndilo adui wa kila siku. Watu wenye ualbino huanza kuonyesha dalili za ngozi kuharibiwa na jua wakiwa bado wadogo, na saratani inayowaua katika umri wa kufanya kazi ni ya kuzuilika. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimefunza matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa bure kupitia kliniki. Mafuta hayo hupakwa kabla ya kutoka nje na kurudiwa mchana, masikioni, shingoni na juu ya midomo bila kusahau, lakini hayatoshi yakiwa peke yake. Kinachohitajika pia ni kofia yenye ukingo mpana pande zote, shati la mikono mirefu, na kukaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Zipo shule ambazo bado zinamtaka mtoto mwenye ualbino avue kofia akiwa paredi, kwa kuwa si sehemu ya sare. Mwalimu mkuu anaweza kuibadili kanuni hiyo Jumatatu asubuhi, bila bajeti na bila kusubiri waraka. Ampe ruhusa ya kofia na mikono mirefu, amhamishie dawati mbali na dirisha lenye jua, na kipindi chake cha michezo kipangwe baada ya saa kumi.